Rebeka Alimuita Mutumwa «Bwana»

Masomo ya leo: Mwanzo 24, mustari wa 10 mupaka 22. Rutu 2, mustari wa 4 mupaka 14. Yakobo 2, mustari wa 1 mupaka 4.

Amani ya Mungu iwe kwenu ninyi wote wenye munasikiliza: wenye muko mu nyumba, wenye muko mu taksi-bus, na ninyi wamama wenye mumeficha radio chini ya meza ku soko, pembeni ya chumvi na mafuta. Leo ninataka kusema na ninyi hasa. Ninyi wenye munauza, na ninyi wenye kazi yenu ni kupokea watu ku farmasi, ku butiki, ku restora, ku gishe, ku mulango wa ofisi. Nitasema pia na wenye kununua, kwa hiyo musizime radio.

Tuanzie ku kisima.

Munajua habari ya Mwanzo 24. Abrahamu amezeeka. Anamutuma mutumishi wake, ule mwenye alikuwa anasimamia vitu vyake vyote, aende katika inchi ya ndugu zake kumutafutia Isaka bibi. Mutumishi anaenda na ngamia 10. Anafika inje ya muji mangaribi, saa yenye wanawake wanakuja kuteka maji. Anapigisha ngamia magoti karibu na kisima, anaanza kuomba. Mbele hajamaliza maombi, Rebeka anatokea na mutungi ku bega.

Sasa mutazame huyu mutu kwa macho ya Rebeka. Ametoka mbali. Nguo zake ziko na vumbi ya njia. Binti hamufahamu hata kidogo. Na huyu mutu si mufalme wala tajiri, ni mutumwa wa mutu mwingine. Anaomba maji kidogo. Na ule binti anamujibu kwa neno gani? Musome mustari wa 18: anamuita bwana wake, na mbio anashusha mutungi ku mukono ili anywe. Mutumwa anaitwa bwana na binti wa watu!

Na zahabu? Zahabu iko, lakini iko mu mufuko. Pete na bangili zinatokea ku mustari wa 22, kisha ngamia kumaliza kunywa. Katikati ya neno «bwana» na zahabu kuko kazi ya kutosha jasho. Ngamia mwenye kiu kabisa anaweza kunywa maji karibu litri 100 kwa mara moja. Tufanye hesabu ya watu wa Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi), sisi wenye tunajua bidoni ya litri 20. Kama ngamia wote 10 walikuwa na kiu ya vile, ni bidoni 50. Na Maandiko yanasema Rebeka alikuwa anakimbia.

Neno la heshima lilitangulia, zahabu ikafuata. Hapa kwetu, wapendwa, tunangojea kwanza kuona zahabu.

Simameni siku moja ku soko ya Kenya, saa ine ya asubui, musinunue kitu, musikilize tu. Mutu anapita na viatu vyenye kungaa, funguo ya motokari ku kidole. Mutasikia: «Patro! Shefu! Mukubwa! Onorabule, mukuje huku!» Vijana wanasimama, kiti kinafutwa vumbi. Kisha anapita mama mumoja na kitenge chenye kimechakaa, anagusa nyanya, anauliza bei. Mutasikia: «Wewe mama, unanunua ao haununue?» Ni soko moja, nyanya moja, kinywa kimoja. Yakobo aliandika juu ya mutu wa pete ya zahabu na masikini wa nguo chafu wenye waliingia pamoja katika mukutano. Mumoja akapewa kiti, mwingine akaambiwa asimame pale. Yakobo hakutembea ku soko ya Kenya, lakini alitujua.

Na muangalie vizuri lugha yetu. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kiko na heshima ndani yake, hata kama watu wa Dar es Salaam wanakicheka. Mutu mukubwa hatumuambie «uko muzuri?». Tunamuambia «muko muzuri?». Ni mutu mumoja, lakini tunasema naye kama vile ni wengi. Mutoto mwenye kulelewa vizuri anajua jambo hilo mbele hajajua kuandika. Kwa hiyo wakati kijana wa miaka 20 anamuambia mama wa miaka 60 «unataka nini?», asiniambie kama ni haraka ya kazi. «Munataka nini, mama?» inapita «unataka nini» kwa sauti moja tu. Hakuna kazi yenye haina nafasi ya sauti moja.

Tena kuko ile «ka» yetu. «Kamama» inaweza kuwa neno tamu. Bibi yangu nilikuwa ninamuita «kamama kangu» na alikuwa anafurahi. Lakini wakati munasema «kale kamama kamesimama pale», na mwenye kusemwa anasikia, ile «ka» inamukata miguu. Mutu anaingia ku mulango akiwa mama mutu muzima, anatoka akiwa kitu kidogo. Mimi sikatazi «ka». Ninasema tu mujue munaiweka wapi, kwa nani, na kwa sauti gani.

Wazee wetu walikuwa na akili katika mambo haya. Waluba wa Katanga, wakati mukubwa anawasalimia, wanajibu «Eyo Vidye», na munajua Vidye ni jina gani. Wabemba, upande wa Sakania na Kasenga, wanatia «mukwai» nyuma ya maneno, hata kwa mugeni. Wandugu wetu wa Kasai wanamuita baba wa mapasa «Shambuyi», maana yake wameona heshima yenye Mungu alimupa kwa njia ya watoto. Wafanya-biashara wetu wenye wanapitia Kasumbalesa na Tunduma kwenda kuchukua vitu Dar es Salaam wananiambia kule kijana hawezi kusema bei na muzee mbele hajasema «shikamoo», na muzee kujibu «marahaba». Bei inakuja nyuma. Inaweza kuwa bei kali vilevile! Lakini inakuja nyuma.

Sasa tulipotelea wapi? Muniruhusu niende mu historia kidogo, juu vijana hawaijui na wazee wamechoka kuisema.

Muji huu ulianzishwa mwaka 1910, wakaupa jina Élisabethville. Reli ilifika kutoka kusini, na Union Minière ikakusanya watu kutoka pande nyingi: Kasai, Maniema, Ruanda, Rodezia ya Kaskazini. Kiswahili kikakuwa lugha ya kazi. Lakini ni Kiswahili gani wazungu walijifunza? Vile vitabu vidogo vya kuwafundisha vilijaa maneno ya kuamuru. Leta. Beba. Fagia. Kwenda. Upesi. Mutu wa kazi ya nyumba alikuwa «boyi» hata akiwa na mvi na wajukuu. Na katika Kifaransa, mweusi aliambiwa «tu», mweupe akaambiwa «vous».

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, siku ya uhuru, mu Léopoldville, mbele ya mufalme Baudouin, Patrice Lumumba alisimama na kukumbusha mateso yenye watu waliona: kazi ya nguvu, mushahara wa kukosa kutosha chakula, matusi, mapigo. Na katikati ya mambo hayo mazito alitaja hii «tu». Alikumbusha kama mweusi aliambiwa «tu», na haikuwa alama ya urafiki hata kidogo, ni kwa sababu «vous» ya heshima iliwekwa kwa ajili ya wazungu peke yao. Mufikiri, wapendwa. Inchi inapata uhuru, muda ni mufupi, dunia yote inasikiliza, na mutu anakumbuka neno moja dogo lenye kutamkwa ku gishe na ku butiki kila siku! Juu lilikuwa linauma. Huyu mutu aliuawa hapa kwetu Katanga, tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961. Mimi si mwana-siasa, na hii radio si ya siasa. Lakini ninapomusikia mutoto wa Kenya mwenye kuvaa shati ya kazi akimuambia muzee wetu «wewe, ngojea kule», ninajiuliza: tulifukuza nini, kama sauti ya mwenye alienda inabaki mu kinywa chetu?

Kisha tukapata Zaire. Tangu mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya ubatizo, na «musye» na «madame» vikafutwa, sisi wote tukakuwa «sitwaye». Nilikuwa mutoto mu miaka ya mwisho ya wakati huo. Ninakumbuka vizuri askari ku barrière akimuambia baba yangu kwa adabu kabisa: «Sitwaye, ile kuku ni ya nani?» Kuku haikurudi ku nyumba. Serikali inaweza kubadilisha jina lenye watu wanaitana kwa siku moja. Kuku anajua kama moyo umebadilika ao hapana.

Hapo ninafika ku jambo lenye wahubiri wengi hawaguse. Tunapenda kusema «tuheshimiane, tuitane vizuri», na watu wanajibu amina. Lakini kuko heshima yenye ni uongo. Kijana anakuita «patro» mara tano, na kila «patro» inapandisha bei. Anakuita «mukubwa» kusudi usione kama meka ya unga haikujaa. Mu kitabu cha Yobu, sura ya 32, ule kijana Elihu, mbele ya kusema na wazee, alisema yeye hajui kusifu watu kwa majina makubwa, na kama angefanya vile Muumba wake angemuondoa mbio. Elihu alikuwa na adabu. Alingojea wazee wote wamalize kusema, juu ya umri wao. Lakini alikataa kutumia majina kama chambo. Wewe muuzaji muokovu, meka yako ijae kwanza, kisha uniite patro kama unataka. Ukipunguza unga na kuongeza «patro», ni wizi wenye sauti ya kupendeza, na ninaona heri yule mwenye kunipimia vizuri na uso wa kukunja.

Ninajua mutanijibu nini. «Pasta, ninyi munasimama ku mimbari siku moja kwa juma. Sisi tunasimama masaa 12 kila siku. Watu wananitukana tangu asubui. Mushahara wa mwezi uliopita sijapokea. Nitacheka na nani?» Jibu hilo liko na haki ndani yake, na sitalipita mbio.

Musome Rutu 2. Boazi anatoka Betelehemu, anafika ku shamba, anakuta watu wa kazi. Yeye ndiye patro wa kweli, mwenye shamba. Na ni yeye anaanza kusalimia! Anawasalimia kwa jina la Bwana, anawatakia Mungu awe pamoja nao, nao wanamurudishia baraka. Mimi nimefanya kazi mu butiki mbele ya kwenda ku chuo cha Biblia, na ninaweza kuhesabu ku vidole siku zenye mwenye butiki alitusalimia. Alikuwa anaingia, anahesabu katoni, anauliza «nani alikula sukari?». Na sisi tulichukua ile sauti tukaipeleka kwa wateja saa ileile, kama vile mutu anapitisha bidoni kwa mukono. Patro mwenye kusikiliza leo: kama vijana wako wanafokea watu, uanze kujisikiliza wewe mwenyewe asubui. Na uwalipe. Hakuna pasta mwenye anaweza kuhubiri tabasamu ku tumbo lenye njaa ya miezi mitatu.

Lakini Rutu 2 inaendelea. Boazi anaona mwanamuke mugeni nyuma ya wavunaji, anauliza kapita wake habari yake. Kapita anajibuje? Anasema ni ule Mumoabu mwenye alikuja na Naomi. Kabila, na mutu mwenye alikuja naye. Jina hakuna. Ni vile tunasema sisi pia: «ule Mukasai wa mikate», «ule Mubemba wa samaki», «ule Mushinwa». Kapita hakusema uongo, na hakutukana. Alisema tu vile tunasema. Kisha Boazi anasogea karibu na ule mwanamuke na anamuita binti yake. Anamuonyesha maji yenye vijana wameteka, akisikia kiu anywe. Nyuma yake, saa ya chakula, atamuita ku mukate. Na Rutu anaanguka kifudifudi. Juu ya nini? Shamba hajapewa. Ndoa bado. Amepewa neno moja, «binti», kinywani mwa mutu mwenye alikuwa na haki ya kumuita Mumoabu. Ku mustari wa 13 yeye mwenyewe anasema Boazi amesema ku moyo wake.

Wenye kununua, zamu yenu. Munaingia ku restora, munapiga vidole, «pssst! wewe!». Mutoto wa watu anakuja mbio, hamumutazame, munatazama telefoni. Dada mumoja wa kanisa letu anafanya kazi ku farmasi. Aliniambia: «Pasta, kwa siku moja ninaweza kuhudumia watu wengi sana, na wenye kunisalimia mbele ya kutupa karatasi ya munganga ku meza, hawapite kumi.» Nikamuuliza kati ya hao kumi wangapi ni waokovu. Alicheka, hakujibu. Ni mutoto muzuri, hakutaka kunihuzunisha.

Na juu tumefika ku farmasi, nitawaambia habari nyingine, ya farmasi nyingine yenye sitaitaja. Baba mumoja mwenye tunaomba naye, muzee, alienda kununua dawa. Walimueleza mbio, nusu Kifaransa. Hakusikia. Akauliza mara ya pili. Kijana akamujibu: «Si nimekuambia, wewe muzee? Angalia, watu wako nyuma yako.» Watu wa nyuma wakacheka. Muzee akaona haya, akachukua mufuko wake, akaenda. Dawa ya kunywa mara tatu kwa siku alikunywa yote tatu kwa mara moja, akifikiri ni vile waliagiza. Jirani walimukuta ameanguka ku mulango wa choo. Tulikesha naye siku mbili ku hospitali. Mungu ni mwema, yuko muzima, na ni yeye mwenyewe alinipa ruhusa ya kusema habari hii. Alipoamuka nilimuuliza: «Baba, juu ya nini hamukuuliza tena?» Akasema: «Pasta, nilikuwa nimekwisha kuitwa wewe mbele ya watu. Ningeuliza tena, wangeniitaje?»

Ninyi wenye munafanya kazi ku dawa, ku hospitali, fahamuni hapo. Mutu mwenye amezarauliwa hawezi kuuliza mara ya pili. Na kuko mambo yenye mutu asipouliza mara ya pili, anakufa.

Ningependa kumaliza hapo, wapendwa, na ninyi munione mimi ni pasta mwenye haki. Lakini Roho Mutakatifu hakunikubalia juma hili.

Pembeni ya kanisa letu kuko mama mwenye kuuza makala. Yuko pale tangu miaka ine. Kila juma bibi yangu ananituma makala, ao mimi mwenyewe ninapita. Na kila mara yeye ndiye ananisalimia wa kwanza: «Jambo yenu, baba. Mumeamuka muzuri? Leo munapenda ngapi?» Mimi ninaonyesha kwa kidole. Ku nyumba tunamuita «ule wa makala». Ku kanisa pia, wakati kuko vumbi nyeusi ku ukuta, tunasema ni ule wa makala.

Mwezi uliopita, siku ya Mungu moja, alifunga mifuko yake, akanawa mikono ku ndoo, akaingia. Mulangoni kulikuwa kijana wetu wa protokole, mutoto muzuri, mwenye bidii, shati nyeupe, kravate nyekundu. Alimuambia: «Wewe wa makala, ngojea kwanza inje, kuko wageni wanakuja.» Siku ile tulikuwa tunangojea mukubwa mumoja wa serikali, na viti vya mbele vilikuwa vimefunikwa na kitambaa. Mama akangojea inje. Nyimbo zikaisha. Mahubiri yakaanza, tena nilihubiri juu ya kondoo mwenye kupotea, Mungu anisamehe. Ule mukubwa hakukuja. Viti vikabaki vitupu na kitambaa chao mupaka mwisho, na mama wa makala akarudi ku mifuko yake.

Mimi sikujua kitu. Siku ya kwanza asubui nikapita kununua makala. Akanisalimia vile anasalimia siku zote: «Jambo yenu, baba.» Ni kijana mumoja mwenye kutengeneza viatu pembeni yake alinisimulia yote, juu yeye mama hakusema neno. Nilirudi ku nyumba na hasira, nikamuita ule kijana wa protokole ili nimukemee. Alipofika, mbele sijafungua kinywa, akaniuliza kwa adabu kabisa: «Pasta, lakini yeye anaitwa nani? Nilimuita vile ninyi munamuita.»

Sikukemea mutu.

Nilienda pale ku makala mangaribi ile. Wapendwa, ninasimama mbele ya mikutano ya watu wengi, ninasema bila karatasi, lakini mbele ya ule mama sikujua nianzie wapi. Nilimuambia: «Mama, ninaomba musamaha, miaka ine sijawauliza jina.» Alitazama mikono yake. Kisha akaniambia jina lake, jina la Kiluba la baba yake, na jina la ubatizo, na jina la mutoto wake wa kwanza, kusudi nichague. Sitayasema hapa ku radio, ni yake. Ila ninayajua sasa, na bibi yangu anayajua, na ule kijana wa protokole anayajua. Nilimuuliza juu ya nini anaendelea kunisalimia kwa «yenu» wakati sisi tulimufanyia vile. Alishangaa ulizo langu. Akasema: «Baba, mama yangu alinifundisha mutu anasalimiwa vile.» Akauliza kama ninapenda mufuko mumoja ao mbili.

Wachungaji wenzangu wenye munasikiliza, Bwana wetu alisema juu ya watu wenye kupenda kusalimiwa ku masoko na kuitwa mwalimu. Matayo 23. Sisi leo tuko na Apotre, Profeta, Askofu, Jenerali wa Mungu, na mutu akisahau moja tunakasirika. Nitahubiri sura hiyo siku nyingine, na nitaanza na kadi yangu mwenyewe, ile yenye maneno mengi juu ya jina.

Tangazo. Protokole wote, na wadada wote wenye kupokea wageni, tutakutana siku ya posho, saa tisa, ndani ya kanisa. Mukuje na kitabu cha kuandika. Viti vya mbele havitafunikwa tena na kitambaa. Mwenye kufika wa kwanza anaikala. Na ninyi wenye munauza pembeni ya kanisa, wa makala, wa mikate, wa simu, wa viatu, siku ya Mungu tutafungua mulango saa mbili. Kama mikono iko nyeusi, ndoo ya maji itakuwa ku mulango, na sabuni.

Tuombe.

Baba, tunakuja mbele yako na vinywa vyetu. Wewe unajua majina yenye tumeita watu tangu asubui. Uwakumbuke leo wenye wako wanasimama ku meza, ku gishe, ku moto wa jiko, na miguu inawauma. Uwape mushahara wao. Uwakumbuke wazee wenye wanaogopa kuuliza mara ya pili. Ule muzee umuponyeshe kabisa. Na mama yetu, wewe unajua jina lake mbele yetu. Katika jina la Yesu. Amina.